Jogoo wa Kukombolea Daftari

“Mwenyekiti, nasema kwa mara ya tatu: huyu mama amechukua daftari langu la dawa, na wewe unacheka!”

Maneno hayo aliyasema Makarius, mganga wa zahanati yetu, Jumatano moja ya Machi 1975, amesimama mbele ya meza ya Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kijiji. Huyo mama ni mimi. Nilikaa kwenye benchi la ofisi, mikono nimeikunja kifuani, na mimi nacheka.

“Bwana Mganga,” Mzee Mwinshehe akamwambia huku anajifuta machozi, “wewe Mhehe, huyu Mvidunda. Ni watani au si watani?”

“Ni watani, Mzee.”

“Basi tangu lini mtani akashitakiwa? Mpelekee jogoo, akupe kitu chako, mwishe.”

“Jogoo nimtoe wapi? Kuku wangu wote wamekwisha kwa kideri, na yeye anajua!”

“Ungekula mbwa kama wenzako, kuku wangebaki,” nikamtupia. Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata karani aliyekuwa anajifanya anaandika.

Makarius hakucheka. “Mzee, angechukua baiskeli nisingekuja hapa. Angechukua hata godoro. Lile daftari ndilo kichwa changu. Bila lile, mimi ni mtu tu aliyevaa koti jeupe.”

Tukacheka zaidi. Leo naandika habari za mtu huyo, na maneno hayo ya koti jeupe ndiyo yanayonirudia.

Utani wetu na Wahehe ni wa tangu mababu walipopigana mpaka wakachoka. Mtani akichukua kitu chako hununi, unakomboa. Krismasi iliyopita Makarius alikuwa amenibebea kinu changu mchana kweupe, nami nikakikomboa kwa kibuyu cha asali. Kwa hiyo ilikuwa zamu yangu. Ndivyo nilivyojiambia, na hakuna aliyenipinga.

Lakini wengine walikuwa na udhuru, mimi sina. Wao hawakujua daftari lile ni nini. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati. Nilifagia, nilichota maji, nilichemsha sindano, na kila siku nilimwona akilifungua.

Makarius alikuja kwetu mwaka 1973 kwa treni ya kutoka Kilosa. Mikumi alishuka na baiskeli, sanduku la mbao na mwavuli mweusi, akaja hadi kijijini akiisukuma ile baiskeli kwa sababu gurudumu lilikuwa limetoboka. Mwembamba, shingo ndefu, na hasira za karibu. Baba yake alikuwa mpishi wa mapadre huko Iringa. Yeye alisoma hadi darasa la nane, akaongezwa miaka mitatu ya udaktari mdogo, akaletwa kwetu aponye kila kitu. Hakuwa na mke. Alinawa mikono mpaka tukasema atabandua ngozi. Ukimwambia, “Nipe ile dawa nyeupe ya juzi,” alikuwa anawaka: “Vidonge vyote ni vyeupe, mama! Vyote! Chumvi nayo nyeupe!”

Na hapo ndipo shida yake ilipokuwa. Dawa zilikuja, maelezo hayakuja. Nyaraka za kutoka juu zilitufikia zimezungushiwa chupa za dawa ya kikohozi zisivunjike njiani. Makarius alizikunjua, akazinyoosha kwa kiganja, akazibandika daftarini kwa uji wa muhogo. Kitabu chenyewe cha matibabu, kikubwa, cha Kiingereza, kilikuwa kimoja wilayani kwa zahanati zote, kimefungiwa kabatini, hakiazimwi. Kila mwezi waganga wa vijijini walipokwenda Kilosa kuchukua dawa, wenzake walikwenda Magomeni, mtaa wa pale pale mjini, kutafuta pombe na jamaa. Yeye alimbembeleza mtunza stoo, akakalia kasha la dawa, akanakili mpaka mlango ufungwe. Kurasa mbili, siku nzuri tatu. Maneno asiyoyajua aliyaandika pembeni, akarudi nayo kumuuliza padri, ndipo akayaweka kwa Kiswahili. Miaka miwili akajaza daftari zima, lile kubwa la kaunta, lenye jalada gumu. Alilala nalo chini ya mto. Wanawake tulilipa jina: Mke wa Mganga.

Sasa mimi, yeye alipotoka kunawa mikono, nikamtorosha mke wa mtu.

Siku mbili baada ya yale mashitaka alikuja kwangu kupekua jikoni, kama mtani anavyoruhusiwa. Aliinua vyungu, alichungulia darini, akatoka na masizi usoni. Watoto wakamshangilia. Nikaona huyu kesho atalipata. Basi Jumamosi alfajiri nikalitia daftari kapuni, nikalifunika kwa mbegu za maharage, nikapanda mlimani.

Hapo lazima niseme jambo jingine. Mwaka 1973, muda mfupi kabla Makarius hajaja, tulikuwa tumehamishwa kutoka milima ya Vidunda tukashushwa bondeni kwenye kijiji cha ujamaa. Mashamba ya zamani tuliambiwa tuyasahau. Nani anasahau udongo mweusi? Tulikwenda kwa kuibia, kila mtu kivyake, bila kuaga. Mwendo wa saa tatu kupanda. Kwa hiyo siku hiyo hakuna mtu chini ya mbingu aliyejua nilipo, na Mke wa Mganga alikuwa nami, amelala kwenye kivuli cha mgomba, mimi napanda maharage na kucheka peke yangu.

Saa nne ya asubuhi ile ile, kule chini, Siwema alikunywa mafuta ya taa.

Siwema alikuwa mtoto wa Mwamvua, jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Umri wake miaka miwili. Mama yake alikuwa amenunua mafuta duka la ushirika, ameyatia kwenye chupa ya soda, kama sisi sote. Jua kali, mtoto ana kiu, chupa iko chini. Mwamvua alimbeba mbio hadi zahanati, kanga moja imemdondoka njiani.

Yaliyotokea nilisimuliwa na watu wengi, na wote wanakubaliana. Makarius alikuwa hajawahi kumtibu aliyekunywa mafuta. Lakini alijua ameandika. Alikumbuka ukurasa, alikumbuka hata ulivyokaa: safu mbili ndefu, upande huu wanaotapishwa, upande ule wasiotapishwa. Mafuta ya taa yalikuwa upande upi? Hilo halikumjia. Aliwatuma vijana wawili nyumbani kwangu. Walivunja kufuli, walipindua kila kitu, walirudi mikono mitupu. Mtoto anakohoa, macho yanageuka. Mwamvua anampiga mganga kifuani kwa ngumi: “Fanya kitu! Umesomea nini? Fanya kitu!”

Akafanya. Alichanganya maji ya chumvi, akamtapisha.

Mafuta yalipopanda, yakaingia mapafuni.

Nilirudi jioni. Zahanati ilikuwa kimya, watu wamesimama mafungumafungu. Trekta la kijiji lilikuwa limempeleka mtoto na mama yake Mikumi, wasubiri treni ya Kilosa. Makarius alikaa kwenye ngazi, koti lake limelowa na linanuka mafuta. Nilipita ndani, nikaliweka daftari mezani. Aliingia nyuma yangu, akawasha taa, akafungua ukurasa bila kuhangaika. Nikauona na mimi. Alikuwa ameandika kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili chini: *Aliyekunywa mafuta ya taa au petroli: USIMTAPISHE.*

Alifunga daftari polepole.

“Asante, mama,” akasema.

Tangu aje kijijini alikuwa ameniita Mguu Mfupi, kwa sababu eti sisi watu wa mlimani mguu mmoja hufupika kwa kutembea ubavuni mwa kilima. Alikuwa ameniita kila jina. “Mama” hajawahi. Ni heri angenipiga kofi.

Siwema hakufa. Alilala hospitali wiki saba, akarudi amebaki macho na mbavu. Hapo wakaja mabwana wawili kutoka wilayani kuuliza. Tulikaa ofisini kwa Mzee Mwinshehe, mimi kwenye benchi lile lile.

“Ulikuwa na maandishi yoyote ya kukuongoza?” bwana mmoja akamuuliza.

“Nilikuwa na daftari langu.”

“Kwa nini hukulitazama?”

Mzee Mwinshehe aliangalia meza. Karani aliangalia dirisha. Mimi nilitazama miguu yangu, vidole kumi, nikavihesabu. Nilijua kuwa nikifungua mdomo nitafukuzwa kazi, na watu watauliza nilikuwa wapi Jumamosi ile, na shamba la mlimani nalo litakwenda.

“Nililiweka mahali pabaya,” Makarius akasema. “Kosa langu.”

Wakaandika. Alipewa barua ya onyo. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya watakaokwenda kusomea uganga mkubwa zaidi Julai ile. Alinionyesha mwenyewe ile orodha mwezi wa Februari, akasema, “Nikirudi, Mguu Mfupi, utanipigia saluti.” Likafutwa.

Miaka miwili tulifanya kazi chumba kimoja. “Habari za asubuhi, mama.” “Tafadhali, mama, sindano.” “Ahsante, mama.” Nilimchokoza, nikamwambia mbwa wa kijiji wamepungua tangu aje. Alitabasamu kwa adabu kama mtu anayepita msibani. Nikaacha.

Mwaka 1977 akahamishiwa Kilangali. Siku alipokuwa anafunga sanduku nilimfuata.

“Makarius, nataka kusema.”

“Sema, mama.”

“Nilinyamaza. Ningesema, ungekwenda shule.”

Alikaa juu ya sanduku. “Ungesema, nisingetapisha? Mkono uliotapisha ni wangu. Mimi ndiye niliyeficha elimu ya watu wote ndani ya daftari moja nikailalia. Wilayani wanafungia kabatini, mimi nafungia chini ya mto. Tofauti iko wapi?”

“Usinifariji.”

“Sikufariji. Nakutoza.” Akatoa daftari, akafungua ule ukurasa, akanipa peni. “Uliniomba jogoo, sikutoa. Basi mimi nadaiwa jogoo. Wewe unadaiwa hivi: nakili ukurasa huu mara thelathini. Kuna zahanati ishirini na tisa ninazozijua kutoka hapa hadi Kilosa na vijiji vyake. Kila moja ipate wake, ubandikwe ukutani mgonjwa na mganga wote wauone.”

“Na wa thelathini?”

“Wa thelathini utampelekea Mwamvua. Kwa mkono wako. Na utamwambia daftari lilikuwa wapi.”

Nilinakili wa kwanza pale pale, yeye anasimamia, ananisahihisha. Akaondoka na daftari lake.

Elimu yangu ni darasa la nne la misheni, mwandiko wangu kama kuku amepita. Karatasi hakuna, nikaomba mifuko ya saruji iliyokuwa imebaki kwenye ujenzi wa shule, nikaikata, nikaipangusa. Niliandika Jumapili baada ya kanisa. Nilizituma kwa makondakta wa treni, kwa makatekista, kwa madereva wa malori ya pamba. Mganga mmoja alinirudishia salamu: “Mwambieni huyo mama aandike kubwa, wengine macho yetu ni ya zamani.” Nikaandika kubwa. Mwaka uliofuata, Mikumi stesheni, nilinunua karanga, kuja kufungua, zimefungwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: USIMT, halafu imechanika. Nilimfokea muuza karanga hadi abiria wakatoa vichwa madirishani. Huyo maskini hata kusoma hajui. Nikapeleleza karatasi imetoka zahanati ipi, nikaiandikia upya, mara hii juu ya ubao, kwa rangi ya mlango. Ubao haufungiwi karanga.

Zikatimia ishirini na tisa. Ya thelathini niliiandika vizuri kuliko zote. Nikaiweka chini ya godoro.

Ikakaa miaka minne.

Msidhani sikuwa na nafasi. Mwamvua nilimwona kila siku. Tuliteka maji pamoja, tulipalilia shamba la kijiji pamoja. Na kila zahanati ilipotajwa alisema neno moja: “Yule Mhehe aliniharibia mwanangu.” Siwema alikuwa amekua, anakwenda shule, lakini akikimbia hatua ishirini anakaa chini, kifua kinapiga filimbi. Mwamvua akisema hivyo wenzangu waliitikia, “Pole.” Na mimi nilisema pole. Mara ngapi? Sijui. Ulimi wangu huu unaojulikana kwa ukali kijiji kizima ulijua neno hilo tu.

Mwaka jana, 1982, surua iliingia. Mganga mpya aliletewa chanjo kutoka Kilosa katika chupa ya barafu, ya siku mbili tu. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri. Mwamvua hakuja. Alikuwa anamlea mjukuu wa miezi kumi, mtoto wa binti yake mkubwa. Nilimfuata mchana.

“Mjukuu wangu hawamgusi,” akasema, anapepeta mchele, hanitazami. “Wale watu hawajui kitu. Wanabahatisha. Nimekwishatoa mmoja.”

Nilirudi nyumbani. Nikaona nikinyamaza na safari hii, hakuna wa kusema “kosa langu” badala yangu. Nikainua godoro.

Nilipofika mara ya pili Siwema alikuwa ametoka shule.

“Shikamoo, Mama Kasian.”

“Marahaba, mwanangu. Mwamvua, weka ungo chini.”

“Kwani kuna msiba?”

“Weka chini.”

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema daftari lilikuwa na jibu, na lilikuwa kwenye kapu langu mlimani, chini ya mbegu za maharage, kwa sababu ya jogoo. Nilisema Makarius hakubahatisha kwa kupenda, na kwamba alinikinga, nami nikakubali kukingwa. Nikampa karatasi. Mwamvua hakusoma sana, alimpa Siwema.

Mtoto akasoma kwa sauti ya darasani. “Aliyekunywa… mafuta ya taa… au petroli…” Akasita ili avute pumzi. Nikaisikia ile filimbi. “Usimtapishe.”

Kuku walikuwa wanadonoa mchele uliomwagika, hakuna aliyewafukuza.

“Nilimtukana mtu miaka saba,” Mwamvua akasema. “Na wewe unaniitikia pole.”

“Ndiyo.”

“Unakula kwangu, unaniitikia pole.”

“Ndiyo.”

“Toka.” Nikainuka. Nilipofika mlangoni akasema, “Karatasi acha.”

Kesho yake asubuhi alikuja zahanati, mjukuu mgongoni. Alinipita mlangoni nikifagia kana kwamba mimi ndiye ufagio. Mtoto alichomwa, akalia, akanyamaza. Chanjo ilibaki ya watoto sita. Mpaka leo Mwamvua hanisalimii, na sina haki ya kudai salamu. Lakini ile karatasi ameibandika ukutani, pale anapotundika taa, na chupa ya mafuta siku hizi iko juu ya kabati.

Nikamwandikia Makarius, Kilangali, mstari mmoja: *Ya thelathini imefika.*

Wiki mbili sikupata jibu. Nikasema basi, na yeye ana haki yake. Halafu Jumamosi kondakta wa treni akaniita kwa jina langu kamili, Generoza, mbele ya watu, akanikabidhi jogoo mwekundu, kafungwa miguu kwa kamba ya bandeji, amechoka na safari na ana hasira za karibu kama aliyemtuma. Shingoni ana kikaratasi. Nilikisoma kwa sauti pale pale relini:

*Mguu Mfupi, nakomboa daftari langu. Huyu kuku ni mkubwa kuliko akili yako, mle taratibu. Na mwandiko wako bado ni wa kuku. Makarius, mla mbwa.*

Nilisoma mara mbili. Watu wa stesheni wakaniuliza kwa nini natukanwa halafu nalia.